Watu mia tatu kwenye kundi, moto unawaka: nani aende wapi?

Msomaji anayesimamia kundi la kujitolea kuzima moto wa nyika na misitu, katika eneo lililo mbali na kituo chochote cha zimamoto, ameuliza swali ambalo nalifupisha hivi: kundi lao la WhatsApp lina watu karibu mia tatu. Moto ukizuka, simu zinalia mfululizo, kila mtu anauliza "wapi?", picha zinamiminika, na baada ya saa nzima wapo waliofika mahali pasipo na moto na wapo walioingia msituni bila mtu yeyote kujua. Wahamie mtandao mwingine? Na mitandao hii inatumikaje vizuri kuratibu kazi ya namna hiyo?

Ndugu yangu, msihame. Kundi lenye vurugu kwenye WhatsApp litakuwa na vurugu zilezile kwenye Telegram, tena mtakuwa mmewapoteza wote ambao hawakupakua programu mpya. Tatizo unalolieleza halitokani na programu. Mmeipa simu kazi tatu zisizofanana: kuita watu, kuongoza watu walio mbele ya moto, na kuupasha habari umma. Ya kwanza simu inaiweza vizuri mno. Ya tatu inaiweza mkiwa na tahadhari. Ya pili haiiwezi, na hiyo ndiyo inayoua.

Nianze na hiyo inayoua. Tarehe 6 Julai 1994, kwenye mlima Storm King katika jimbo la Colorado, Marekani, wazimamoto 14 walikufa baada ya upepo mkali kuingia na kuupandisha moto mlimani kwa kasi ambayo hawakuweza kuikimbia. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameshatoa onyo la upepo huo. Onyo halikuwafikia waliokuwa kwenye mteremko. Hapakuwa na makundi ya simu wakati huo, lakini ugonjwa ni uleule ninaouona kwenye makundi ya leo: habari ipo, imetumwa, imesomwa na watu wengi walio nyumbani, ila hajaisoma yule mwenye jembe mkononi. Mtu anayekwangua majani kwa mikono miwili, amevaa glavu, machozi yanamtoka kwa moshi, hana nafasi ya kusoma simu. Na akiisoma, kwa hizo sekunde haangalii moto.

Mwaka 1991 mzimamoto wa Marekani, Paul Gleason, aliyapanga mambo ya usalama mbele ya moto yakawa manne tu: awepo mlinzi ambaye kazi yake ni kuutazama moto wakati wengine wanafanya kazi, yawepo mawasiliano kati ya mlinzi huyo na wenzake, ijulikane njia ya kukimbilia, na pajulikane mahali salama pa kuishia. Hayo mawasiliano yanahitaji chombo kinachofika papo hapo: sauti, filimbi, redio koli kama mnazo. Kubalianeni mlio mmoja wa filimbi wenye maana moja, "tokeni sasa", na msiutumie kwa jambo jingine lolote. Kwenye mstari wa moto, simu inayofanya kazi ni ya kiongozi wa timu peke yake, naye asimame nyuma hatua kadhaa. Wengine waweke simu zao kwenye hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao hafifu humaliza chaji haraka, na mtakapokuwa mnahitaji kurudi gizani mtafurahi kuwa na simu tano zenye chaji badala ya moja.

Timu yenyewe isiwe kubwa. Baada ya moto mkubwa wa California wa mwaka 1970, ambapo mashirika mengi yalifika kusaidia na kila moja likawa na bosi wake na lugha yake ya redio, Wamarekani walitengeneza mfumo wa uongozi wa matukio ambao sasa umeenea nchi nyingi. Moja ya kanuni zake ni kwamba kiongozi mmoja asimamie watu watatu hadi saba, na watano ndiyo idadi inayopendekezwa. Watu mia tatu wasio na mgawanyo wowote ni umati. Wagaweni kwa mahali wanapoishi, kila timu iwe na kiongozi na makamu wake, majina yao yawe yanajulikana kabla ya moto. Nusu ya kazi itakuwa imekwisha hapo.

Sasa kundi lenyewe. Lile la watu wote libadilisheni mpangilio ili wasimamizi pekee ndio waandike. Najua watalalamika, watasema mmewafunga midomo. Waacheni walalamike. Kundi la tahadhari likilia, lazima kila mtu ajue kuna jambo, na kundi lenye salamu za asubuhi na vichekesho watu wamelizima sauti zamani. Tengenezeni la pili, dogo, la viongozi wa timu tu, ambalo ndilo la kujibizana. Wanaotaka kupiga soga wapewe la tatu, nalo lisihusiane na moto kabisa.

Ujumbe wa tahadhari uwe na umbo lilelile kila siku. Mfano:

MOTO NA. 1. Saa 8:10 mchana
Mahali: bonde la chini ya daraja la zamani, ng'ambo ya mto
Tukutane: uwanja wa shule (SI kwenye moto)
Wanaohitajika: timu ya kwanza na ya pili TU
Upepo: unatoka kusini, unaupandisha moto mlimani
Zimamoto: wamepigiwa saa 8:05
Taarifa ijayo: saa 8:40

Kila mstari hapo una sababu yake. Namba ya ujumbe na saa vimo kwa sababu kwenye maeneo ya mtandao wa kubahatisha, ujumbe hufika kwa mafungu. Mtu anapanda kilima, simu inanasa mnara, na ujumbe kumi unaingia kwa mkupuo. "Upepo umegeuka" iliyoandikwa saa nane inasomwa saa tisa, wakati upepo umeshageuka tena. Mtu akiona namba 4 lakini hajaona namba 3, anajua kuna kitu kimempita.

"Taarifa ijayo" ndiyo inayozima maswali. Watu huuliza "vipi huko?" kila dakika kwa sababu hawajui wataambiwa lini. Wakiambiwa ni saa 8:40, wengi watatulia mpaka 8:40, mradi saa hiyo ikifika muandike kweli, hata kama ni kusema tu kwamba hakuna kilichobadilika. Mkikosa mara mbili, maswali yatarudi na hamtayazuia tena.

Mstari wa kuipigia simu zimamoto uwepo kila mara. Msidhani kwamba kwa kuwa mmeandika mtandaoni mamlaka zimeona. Ofisi nyingi za zimamoto hazina mtu wa kukesha akisoma kurasa za Facebook. Piga namba ya dharura kwanza, kisha andika. Na mtu mmoja kwenu, mmoja tu, ndiye awe mzungumzaji na zimamoto, ofisi ya misitu au yeyote mwenye mamlaka kisheria juu ya eneo hilo. Wao wakifika, uongozi ni wao; viongozi wenu wa timu wanaripoti kwao.

Mstari wa mahali pa kukutana nimeuwekea SI kwa herufi kubwa kwa makusudi. Mtu wa kujitolea mwenye moyo akiona moshi huelekea kwenye moshi, na huko ndiko anakopotelea. Lazima pawepo mahali ambapo kila mtu anapita kwanza, na hapo awepo karani. Kama mngeniambia niwaongezee mtu mmoja tu, nisingewaletea mwenye nguvu wala mwenye gari, ningewaletea karani. Daftari na kalamu, safu tano: jina, timu, saa aliyoingia, upande aliotumwa, saa aliyotoka. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayowafanya mlale usiku. Kila jina lisilo na saa ya kutoka ni mtu wa kutafutwa sasa hivi. Karani anaweza kupiga picha ukurasa kila nusu saa na kuituma kwenye kundi la viongozi, ili daftari likipotea au likilowa kumbukumbu ibaki.

Majibu nayo yawe mafupi, yaende kwa kiongozi wa timu: NAKUJA 3, PIKAPU, TANGI 1. Kisha NIMEFIKA. Kisha NIMETOKA. Kama mnatumia kura za WhatsApp kujua nani anakuja, ni sawa, ila kura inaonyesha nia tu. Anayeamua kama mtu yupo ni karani.

Nije kwenye "wapi?", ambalo umesema ndilo linalowapotezea saa nzima. Mtu akituma lokesheni, ile pini inaonyesha aliposimama yeye. Moto uko kwingine, pengine ng'ambo ya bonde, na kwenda kwa gari mpaka pini hiyo mnakuta mtu anawaonyesha moshi kwa kidole. Kwa hiyo mwenye kuripoti aulizwe mambo mawili: uko wapi, na moto uko upande gani kutoka ulipo, kwa nyuzi za dira. Simu nyingi zina dira. Asogee mbali na gari kwanza, chuma huipotosha, kisha aielekeze simu kwenye kitako cha moshi, pale unapoinuka kutoka ardhini. Kichwa cha moshi hubebwa na upepo mbali sana na moto wenyewe. Mkipata mtu wa pili aliye upande mwingine naye akatoa nyuzi zake, mnachora mistari miwili kwenye ramani, na inapokatana ndipo moto ulipo. Inafanya kazi vizuri mistari ikikatana kwa pembe pana. Kama waripoti wote wawili wako barabara moja, karibukaribu, mistari inakwenda sambamba na kosa dogo la nyuzi linawatupa mbali. Tafuteni wa tatu. Hiki ni kitu cha dakika tano, na ndicho hasa makundi ya mtandaoni yanafaa: mna macho mia tatu yaliyotawanyika kwenye vilima tofauti.

Jipangeni mapema: pakueni ramani za kutumia bila intaneti kama za OsmAnd au Organic Maps, na zipeni majina sehemu zote ambazo hazina jina kwenye ramani rasmi. Mwamba huu, kisima kile, njiapanda ya mkuyu. Kipokezi cha GPS cha simu hakihitaji mtandao wa simu ili kujua kilipo, kwa hiyo mtu asiye na bando bado anaweza kusoma tarakimu zake za latitudo na longitudo na kuzituma kwa SMS. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha: zinafika ndani ya mita kumi na moja hivi.

Mtakutana pia na mtu atakayewaambia mtegemee setilaiti. Ni nzuri, zitumieni, ila jueni zinavyofanya kazi. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ina mfumo wa bure uitwao FIRMS unaoonyesha sehemu zenye joto kali duniani kote, kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu setilaiti ipite, na unaweza kujiandikisha upokee barua pepe kwa eneo lenu. Setilaiti hizo hubeba vifaa vya kuhisi joto vya aina mbili: kiitwacho VIIRS kinaona kwa vipande vya mita 375, kiitwacho MODIS kwa kilomita moja. Ile nukta nyekundu kwenye ramani ni katikati ya kipande, kwa hivyo moto waweza kuwa pembeni mwake. Na setilaiti zinazobeba VIIRS hupita mara mbili kwa siku, karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku kwa saa za mahali. Moto uliowashwa saa tisa alasiri unaweza usionekane mpaka usiku wa manane. Mawingu mazito nayo huuficha. Kwa hiyo ramani tupu haimaanishi hakuna moto, na asitokee msimamizi wa kuandika kwenye kundi "setilaiti haionyeshi kitu, tulieni". Faida yake kubwa kwenu ni asubuhi ya pili: kuona kama kuna sehemu nyuma ya mlima ambayo hakuna aliyefika na bado ina joto.

Picha na video zina shida yake. Agosti 2019, dunia ilipokuwa inauzungumzia moto wa Amazon, Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alisambaza picha ya msitu ukiwaka ambayo ilikuwa imepigwa na Loren McIntyre, mpigapicha aliyefariki mwaka 2003. Kama hilo linamkuta rais mwenye ofisi nzima ya washauri, litawakuta na ninyi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa taarifa za saa na mahali ilipopigwa, kwa hiyo kwa kuitazama tu huwezi kujua ni ya leo au ya mwaka juzi. Wafundisheni watu wenu kupiga video fupi ya sekunde kumi huku wakisema kwa sauti: leo tarehe fulani, saa fulani, nimesimama mahali fulani, moto uko kule. Video ya namna hiyo inajithibitisha yenyewe. Ikija na alama ya "imesambazwa mara nyingi", msiifanyie kazi mpaka mmempata aliyeipiga.

Uvumi mbaya zaidi ni ule unaotaja mwashaji. Septemba 2020, jimbo la Oregon likiwaka, Facebook ilijaa madai kwamba wanaharakati wa kisiasa ndio wanaochoma misitu kwa makusudi. Simu za kuulizia uvumi huo zilielemea vituo vya dharura vilivyokuwa vinahangaika na moto halisi, wakazi wa baadhi ya sehemu wakaweka vizuizi barabarani na kusimamisha wapita njia, na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikalazimika kutangaza kuwa ni uongo. Barabara iliyowekewa kizuizi na wananchi wenye hasira ni barabara ambayo gari la maji halipiti. Wekeni sheria: jina la mtu anayeshukiwa kuwasha moto haliandikwi kwenye kundi lolote, hata lile la soga. Linapelekwa polisi. Anayevunja anaondolewa siku hiyohiyo, awe nani.

Kuhusu umma, yaani Facebook, X, na kwingineko, nina maoni makali kidogo. Msiite watu wa kuzima moto kwa posti ya wazi. Posti ya wazi haina mwisho: inaendelea kuzunguka baada ya moto kuzimwa, na keshokutwa mtapokea malori ya watu wema wasio na kazi ya kufanya, waliovaa nguo za polista zinazoyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwenye ukurasa wa wazi andikeni yale ambayo umma unaweza kuyafanya bila kuja: barabara ipi imefungwa, nani ahame, mahali pa kupeleka mifugo, wapi maji ya kunywa yanapokelewa na saa ngapi mapokezi yanafungwa. Kila posti ya kuomba kitu ihaririwe mara tu kitu hicho kinapotosha: "MAJI YAMETOSHA, saa 11 jioni." Mhariri wa ukurasa asiwe mtu aliye mbele ya moto. Anaweza hata kuwa mtu aliye mji mwingine kabisa, mwenye umeme na intaneti ya uhakika. Kwa kweli ni bora zaidi.

Majira ya joto ya mwaka 2010, moto ulipoenea Urusi, wanablogu wa huko walichukua programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, wakaitumia kuweka kwenye ramani moja wanaohitaji msaada na wanaotaka kusaidia. Wazo hilo bado ni zuri kuliko mengi ninayoyaona leo. Lakini lilitaka watu wa kukaa na simu, kuthibitisha kila ombi na kuliunganisha na mwenye gari au mwenye blanketi. Bila hao watu, ramani hujaa maombi yaliyokwisha kutimizwa.

Wageni wakija hata hivyo, na watakuja, karani awaandike na kuwapa kazi za nyuma: kubeba maji, kupika, kuelekeza magari, kukaa na wazee waliohamishwa. Asiingie kwenye mstari mtu ambaye kiongozi wa timu hajawahi kufanya naye zoezi. Kwenye mteremko hili halina mjadala. Kanuni ya mkono inayotumiwa na wazimamoto wengi inasema kila nyuzi kumi za mwinuko huongeza kasi ya moto unaopanda maradufu. Mgeni hajui hilo; anaona moto mdogo chini ya kilima na anasimama juu yake aupige kwa tawi.

Wakatazeni pia wenye droni. Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles ikiungua, droni ya mtu binafsi iligongana na ndege ya kumwaga maji na kutoboa bawa lake. Ndege ilitua salama lakini ikabaki chini kwa matengenezo wakati moto unaendelea. Kama huko kwenu kuna uwezekano wowote wa helikopta kuja, droni zote zisizo za mamlaka zibaki kwenye maboksi.

Halafu fedha. Januari 2020 mchekeshaji wa Australia, Celeste Barber, alifungua mchango Facebook kwa ajili ya moto wa misitu na kuupelekea mfuko wa zimamoto wa vijijini wa jimbo la New South Wales. Alitarajia makumi ya maelfu tu; zikaja zaidi ya dola milioni 51 za Australia. Wengi waliotoa walifikiri zitafika pia kwa waliounguliwa nyumba na kwa wanyama. Mei mwaka huohuo mahakama ya jimbo ikaamua kwamba haziwezi, kwa sababu hati ya mfuko ule ilikuwa inazungumzia vifaa, mafunzo na mahitaji ya kikosi; iliruhusu tu kwamba zisaidie pia wazimamoto walioumia na familia za waliokufa. Hakuna aliyeiba. Posti ilisema kwa mapana, hati ikasema kwa ufinyu. Mkichangisha, sentensi ya kwanza ya posti yenu itaje ni kwa ajili ya nini, na ya pili itaje ziada itakwenda wapi.

Nimeacha jambo zito kwa hapa: mtandao ukikatika. Moto huunguza nguzo za umeme, nyaya na minara, kwa hiyo mtandao hufa pale hasa mnapouhitaji. Juni 2017 huko Pedrógão Grande, Ureno, ambako watu 66 walikufa, wengi wakiwa barabarani wanakimbia, hata mfumo wa mawasiliano ya dharura wa serikali ulikwamakwama baada ya moto kuharibu miundombinu yake. Agosti 2023 huko Lahaina, Hawaii, umeme na simu vilikatika na watu wakabaki bila kujua moto umefika mtaa gani. Na si lazima moto uhusike: tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa zipatazo sita kwa kosa la kiufundi la kampuni yenyewe. Kama siku hiyo moto ungewaka kwenu, mngefanyaje?

Jibu liandikwe karatasini kabla. SMS hupita mara nyingi pale intaneti inapogoma, kwa hiyo viongozi wa timu wawe na namba zote za watu wao kwenye simu na kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki. Kuwe na mnyororo wa kupigiana: msimamizi anapiga viongozi watano, hao wanapiga viongozi wenzao, kila kiongozi anapiga watu wake, asiyepatikana anafuatwa na jirani aliyekwisha kutajwa kwa jina. Kuwe na mlio usiohitaji umeme, kengele, ngoma, baragumu, chochote ambacho watu wa hapo wanakisikia na kukielewa. Na muhimu kuliko vyote, kuwe na amri isiyohitaji ujumbe: timu ikikaa nusu saa bila kumsikia kiongozi wa juu, inarudi mahali pa kukutana. Hairuhusiwi kusonga mbele kwa kudhani. Watu hufikiri kimya kinamaanisha mambo ni shwari. Ninyi mkifanye kimya kiwe amri ya kurudi.

Umeniuliza pia kuhusu ujumbe wa sauti, kwa kuwa baadhi ya wenzenu hawasomi vizuri. Utumike, lakini usizidi sekunde ishirini, uanze na namba na saa, na daima ufuatane na maandishi. Sauti ya dakika tatu yenye taarifa ya upepo kwenye dakika ya pili ni sawa na kutotumwa.

Moto ukishazimika, kundi hupoa. Watu hutuma emoji za mikono, hupongezana, hulala. Moto nao umelala, ndani ya mizizi, magogo na samadi kavu, na unaweza kuamka siku kadhaa baadaye upepo ukivuma. Hapa mitandao ingesaidia sana, ila hakuna anayeitumia. Msimamizi abandike juu ya kundi ratiba ya zamu za ulinzi, majina mawili mawili, na kila zamu ikimaliza iandike sehemu iliyokaguliwa. Ukaguzi ni wa mkono: vua glavu, sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kugusa, ukihisi joto, chimba, mwaga maji, koroga, sogeza tena. Picha ya majivu haionyeshi joto, kwa hiyo "nimeona pako sawa" isikubaliwe kama taarifa. Taarifa inayokubalika ni "nimekagua kwa mkono, kutoka kisimani mpaka mwamba mweusi, saa 12 asubuhi, sehemu mbili zilikuwa na joto, zimemwagiwa".

Siku zisizo na moto ndizo za kulipa kundi thamani yake. Anayetaka kuchoma mabaki ya shamba, kwa kibali kinachotakiwa, aandike siku moja kabla: mahali, saa ya kuanza, saa ya kuzima, namba yake. Hilo litawapunguzia mbio za bure, kwa sababu moshi uliotangazwa hauwaiti watu mia tatu, na moshi ambao haukutangazwa unajulikana papo hapo kuwa ni wa kukimbilia.

Ukitaka pa kuanzia wiki hii, usianze na mengi. Badilisha kundi la tahadhari liandikwe na wasimamizi pekee, teua viongozi wa timu na karani, kisha saa ambayo hakuna anayeitarajia tuma ujumbe wenye neno ZOEZI mwanzo na mwisho, ukiita timu moja tu mahali pa kukutana. Hesabu walioujibu ndani ya dakika kumi, waliofika ndani ya nusu saa, na wale wa timu nyingine waliokuja bila kuitwa. Hao wa mwisho zungumza nao kwanza.